Ndizi Moja ya Firdaus

Miezi minane baada ya kuzikwa, Tahir alikuwa bado anauza ndizi Gitothua. Mwili ulikuwa makaburini, hilo kila mtu alilijua, lakini sauti ilipita barabarani kila siku, kali na yenye utani kama zamani: "Ndizi tamu! Ndizi za kuiva! Mama njoo, dada njoo!" Kisha kimya kidogo, kama cha mtu anayengoja kujibiwa. Kisha, "Haya, pokea!" Na mwito ukaanza upya.

Aliyesukuma mkokoteni ni mjane wake, Ikhlas. Alipomaliza eda hakuwa na kazi nyingine ya kushika, na kupiga kelele barabarani aliona haya. Mwanamke ametoka eda juzi, leo anaitia watu ndizi? Kwa hiyo aliacha kipaza sauti cha marehemu pale pale kwenye mkokoteni, na flashi aliyorekodia mwito wake ikiwa imechomekwa, na mume akaendelea kumwitia wateja.

Siku za mwanzo ilimfariji. Baadaye wateja wakaanza kupungua. Mbinya, jirani aliyemtunzia mtoto mchana, alikuwa hapitishi siku bila kununua. Sasa akiuona mkokoteni alivuka ng'ambo.

"Si ubaya, mama Firdaus," alisema. "Ni hicho kimya tu. Naonanga ni kama ananingoja mimi."

Hilo Ikhlas angelivumilia. Lililomshinda ni Firdaus, binti yao wa miaka minne. Mkokoteni ulipofika mlangoni, mtoto alitoka mbio, akasimama kizingitini, akakodolea macho kile kipaza sauti huku akichezesha midomo. Hakuna aliyesikia anachosema kwa mkwaruzo wake. Kisha alingoja. Kisha alirudi ndani ameinamisha kichwa, na chakula cha jioni kikamshinda. Ikhlas alijua, au alidhani anajua: mtoto anamwita baba yake atoke mle ndani. Usingizi ulimwisha kwa kulifikiria.

Jumanne moja alikwenda Thika kuchukua ndizi soko la Madaraka kama kawaida, na aliporudi kutoka sokoni akaingia kwa Omondi, fundi wa kompyuta. Akaweka flashi mezani.

"Futa kila kitu, fundi. Nataka kuweka sauti yangu."

"Hiyo ni dakika mbili tu, mama," alisema Omondi. Kwa Omondi kila kazi ilikuwa ya dakika mbili. Kuna watu waliomwachia laputopu mwezi wa Ramadhani na mpaka leo wanazingojea hizo dakika.

Akachomeka. Akafuta. Kompyuta ikakataa, ikasema flashi imelindwa, haiandikwi. Akaigeuza akitafuta kile kiswichi kidogo cha pembeni ambacho flashi nyingine huwa nacho, hakukiona. Akaandika amri za kuondoa ulinzi, kompyuta ikakubali kwa heshima zote. Akafuta tena, na safari hii faili likatoweka.

"Umeona?" alisema, akachomoa, akachomeka tena ili amwonyeshe.

Faili lilikuwa limerudi. Tahir, tarehe ile ile, saa ile ile.

Omondi akacheka kidogo. Akafomati flashi nzima, mashine ikamwambia kazi imekwisha. Akachomoa, akachomeka. Tahir. Akahamia kompyuta ya pili, akafanya yote tangu mwanzo. Tahir. Hapo hakucheka. Ikhlas alikuwa ameanza kusoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, mkono umeshika ukingo wa meza.

"Mama, si ununue tu mpya? Hii uweke kabatini."

"Ikiwa ndani ya nyumba nitaichomeka. Najijua. Na kuitupa siwezi, ni sauti ya mtu. Ndiyo maana nataka uifute wewe."

Omondi akavuta kiti, akakaa.

"Sikia. Hii si mambo ya majini. Hii imechoka. Flashi ikizeeka sana inajifunga yenyewe. Haikubali kuandikwa, haikubali kufutwa. Inakupa tu nafasi ya kutoa kilichomo. Halafu siku moja unaichomeka, unapata imekufa kabisa."

"Siku gani?"

"Inaweza kuwa kesho. Inaweza kuwa nikiichomoa saa hii."

Mwanamke aliyekuja kufuta akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Basi itoe! Itoe kabla haijafa! Unangoja nini?"

Omondi hakubisha. Alinakili faili kwenye flashi mpya, wote wawili wakiutazama ule mstari ukitambaa kwenye skrini hadi mwisho. Kisha akampa vidude vya masikioni. "Hakikisha imeingia yote."

Ikhlas hakuwahi kumsikia Tahir hivyo, karibu, bila mkwaruzo wa kile kipaza sauti kibovu. Alisikia hata anavyovuta pumzi. "Mama njoo, dada njoo!" Kikaja kimya kile, naye akafumba macho kwa hofu.

Hakikuwa kimya. Kwa chini, mbali kidogo na maikrofoni, kulikuwa na sauti nyembamba ya mtoto: "Na mimi, moja!"

"Haya, pokea!" akajibu Tahir, kicheko kikimponyoka.

Ikhlas alilia pale pale mbele ya wateja wa Omondi, bila haya.

Alasiri aliufikisha mkokoteni mlangoni kwake Gitothua, flashi mpya ikiwa imechomekwa. Firdaus akatoka mbio, akasimama mahali pake. Mbinya alikuwa dirishani. "Mama njoo, dada njoo!" Kikaja kimya, na safari hii Ikhlas aliinama hadi sikio likawa karibu na ile midomo midogo.

"Na mimi, moja," alinong'ona mtoto.

Miezi mitatu na nusu alikuwa akiomba pale kizingitini, kila siku, na hakuna aliyempa. Ikhlas akakata ndizi kutoka kwenye kichana, iliyoiva kuliko zote.

"Haya, pokea!" alisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, yeye na Tahir kwa pamoja.

Firdaus akapokea kwa mikono miwili, akakaa kizingitini akaila yote.