Fungu la Mkwe

Mkwe hanyimwi. Mergenbai alilijua hilo tangu hajaota ndevu, na Sapargali naye alijua kwamba mwenzake analijua. Ndiyo maana alingoja kichwa cha kondoo, heshima ya mgeni, kiletwe mbele yake, akate nyama ya shavu, ale, ajifute mdomo, ndipo aseme.

"Mkwe wangu, nina ombi dogo."

"Sema, mkwe."

"Kesho walinzi wako wa mlimani wale chakula cha mchana pamoja. Wote. Na wasiharakishe."

Mergenbai alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa walinzi wa Degelen, mlima ambao Wasovieti waliutoboa mahandaki na kulipulia mabomu yao ya nyuklia humo miaka nenda miaka rudi. Sasa Kazakhstan, Urusi na Marekani zilikubaliana kuyaziba mahandaki hayo kwa zege, na ufunguo wa lango ulikaa kiunoni mwake.

"Mle mna nini cha kukutoa roho?"

"Shaba, mkwe. Nyaya zinaoza bure gizani, na wewe unazilinda kama mahari ya bibi yako. Mjukuu wetu tumlishe zege?"

Uso umeumbwa na haya. Raushan, binti yake, alikuwa ameolewa na mwana wa mtu huyu, na mtoto wa Raushan hata meno hajaota. Mergenbai akaitazama sahani yake. "Vijana wangu wana njaa," alisema. "Watakula taratibu."

Siku moja baada ya walinzi kula pamoja, wahandisi walikuta ukuta wa handaki moja umebomolewa. Galina Petrovna, bibi wa Kirusi aliyeufanyia kazi mlima ule tangu usichana wake, alikaa juu ya jiwe na kuvua miwani.

"Bora wangeingia lingine lolote," alisema. "Humu jaribio halikulipuka sawasawa. Plutonium ilibaki, ungaunga, imeshika kwenye kuta na kwenye nyaya. Ndiyo hiyo hiyo ya kutengenezea bomu." Akamgeukia Mergenbai. "Tulikatazwa kusema. Hata ninyi mnaolinda hatukuwaambia mnalinda nini. Nisamehe."

Harlan, Mmarekani mrefu mwenye upara, aliyezungumza Kirusi kama mtu anayetafuna kokoto, akamwekea Mergenbai mkono begani. "Na sisi tulijenga ukuta mwembamba, tukakuachia wewe mzigo. Kosa letu, mzee."

Hapo ndipo angesema. Hakuna aliyemkaba koo. Badala yake Mergenbai akatikisa kichwa kwa upole na kujibu, "Si kitu, yameshapita." Akazipokea radhi zote mbili, ya Urusi na ya Marekani, kama mtu aliyezistahili. Kisha akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Waliochukua watachoma mipira ya nyaya ili waipate shaba," Galina aliendelea. "Vumbi lile likiingia kifuani halitoki. Lazima tuwapate leo."

Mergenbai aliuona akilini ua wa Sapargali, na nepi zinavyoning'inia kwenye kamba. "Najua pa kuanzia," alisema.

"Umejuaje?" Harlan aliuliza.

"Kijiji chenyewe kidogo."

Hata hapo bado alikuwa anajifunika, na shuka lenyewe fupi.

Sapargali aliyaona magari, akamwona na mkwe wake kaketi mbele, akaelewa. Kifaa cha Harlan cha kupimia mionzi kilipopita kwenye mikono ya koti lake kikaanza kulia. "Ni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Nilibomoa na wanangu. Walinzi walikuwa wanakula, hawakuona kitu. Mkwe wangu huyu hajui lolote, msimsumbue."

Rundo la nyaya lilikuwa uani, halijachomwa, kwa kuwa upepo wa nyika ulikuwa mkali. Mergenbai akashusha pumzi. Lakini waliposogea mlangoni, kifaa kikalia tena, na ndani ya nyumba kikalia zaidi.

Pale mbele kabisa ya chumba, anapoketishwa mgeni wa heshima, palikuwa na furushi limefungwa kwa nguo nyeupe. Pembeni yake susu ya mtoto.

Raushan alifurahi kumwona baba yake. "Baba, hilo ni fungu lako," alisema kwa Kikazakhi. "Baba mkwe alichagua nyaya zilizo nzuri kuliko zote. Akasema zisiguswe mpaka uje mwenyewe."

Galina, aliyeishi nyika ile nusu ya umri wake, aliinamisha macho. Harlan hakujua Kikazakhi. "Anasemaje?"

"Anasema chai iko tayari," Sapargali akajibu upesi. Galina hakumsahihisha.

Harlan akamwekea Mergenbai mkono begani tena. "Pole sana, mzee. Binti yako, mjukuu wako. Yote haya kwa ukuta wetu ule."

Hiyo haikumezeka. Mergenbai alihisi angeikubali radhi ya tatu asingeweza tena kumtazama mtoto yule usoni maisha yake yote.

"Amesema hilo furushi ni fungu langu," alisema. "Wale hawakuvizia. Njia niliwapa mimi."

Mkono ulibaki begani kidogo, kisha ukaondoka. Harlan akavaa glavu, akapiga magoti mbele ya susu. Kwenye blanketi kifaa kililia. Kwenye ngozi ya mtoto kilinyamaza, lakini Galina alisema kifuani ndiko kisikofika, jibu la huko litatoka hospitali. Wakalivua blanketi na kumwosha mtoto kwenye beseni, naye akilia kwa nguvu, na Raushan akimtazama baba yake.

Mergenbai alinyoosha mikono amsaidie kumshika.

"Usimguse," Galina alisema. "Na wewe ni wa kuoshwa."

Akarudi nyuma mpaka ukutani, akasimama na mikono yake mitupu. Safari hii hakuna aliyemwomba radhi.