Makumbi ya Rahma

Nianze na kosa langu, maana nikilificha wapo watakaolitangaza: mara ya kwanza nilipoisimulia habari hii, barazani Jadida, huku Pemba, nilisema Bi Mwatum wa Micheweni aliiba. Hakuiba. Alikosea shimo.

Na kukosea shimo kwao si ajabu. Wanawake wa pwani ile hufukia makumbi ya nazi kwenye matope ya ufukweni, yakalala humo miezi mpaka yalainike, ndipo wayafukue, wayaponde, wapate usumba wa kusokotea kamba. Kila mtu na shimo lake, na juu yake jiwe la kulijulia. Bamvua la mwaka ule, maji makuu ya mwezi mpevu, lilikuja na nguvu zake, likahamisha mawe bila kuuliza lipi la nani. Bi Mwatum akafukua, akaponda siku mbili. Aliporudi kumalizia, chini kabisa ya shimo akakuta kipande cha juya kuukuu, wavu wa kuvulia samaki. Na pwani nzima, anayetandika juya shimoni ni Rahma binti Jabir peke yake.

Angekuwa mwengine, angekwenda kupiga hodi wakacheka yakaisha. Lakini tangu uchaguzi nyumba hizi mbili zilikuwa vyama mbalimbali: hawaamkiani, hawaalikani, hata maziko hawaziki pamoja. Bi Mwatum akachukua makumbi yake mwenyewe, akayafukia shimoni mwa Rahma yawe badala, akafunga mdomo.

Basi, chuo kikuu cha serikali kikaita mdahalo wa wazi Chake Chake, kuhusu maadili ya mazingira na maisha endelevu. Wakulima wa mwani wa Micheweni, Bi Mwatum na Rahma wakiwamo, walikaa chama hiki kulia, chama kile kushoto, na pengo katikati ungelipitisha ng'ombe na gari lake.

Dokta Rumaitha, mhadhiri, binti wa hapo hapo Chake, akaonesha picha ukutani: taitai, ile kamba ya plastiki ya kufungia mwani, imetapakaa pwani mpaka tumboni mwa kasa.

"Tutaleta wataalamu," alisema, "wawafundishe kinamama kamba isiyodhuru bahari."

Bi Mwatum akauvuta mkoba wake mapajani. Yeye, afundishwe kamba! Alichotaka sasa kilikuwa kimoja tu: iandikwe kwenye ripoti ya mdahalo kwamba mwalimu atatoka pwani kwao. Akanyanyuka, akaenda mbele, akatoa mkobani kitita cha kamba aliyoisokota kwa usumba wa shimo lile.

"Mwanangu Dokta, mtaalamu wako asipande boti bure. Misimu miwili sie twafungia mwani kwa usumba. Hii ndiyo mpya."

"Haiozi, Bi Mwatum?"

"Yaoza! Si ndio uzuri wake? Mwani twauvuna siku arubaini na tano. Kamba yataka kuishi kuliko mwenyewe ina nini? Taitai yenu hiyo itatuzika, ituhitimie, na arubaini yetu iisimamie."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. "Mwatum leo kameza redio!" alipiga kelele Mzee Nassor kutoka nyuma.

"Na betri zake, Mzee wangu!"

Dokta Rumaitha aliivuta kamba kwa nguvu zake zote. Ikamwachia viganja vyekundu, yenyewe ikabaki nzima.

"Laini hivi, na haikatiki," alisema, akaipitisha kwa watu. "Nani kafukia makumbi haya? Ripoti itamtaja jina, na huyo ndiye atakayefundisha, Unguja na Pemba."

"Mwatum! Mwatum!" Hata upande wa pili walipiga makofi. Kifua kilimjaa.

Kamba ikafika kwa Rahma. Aliipitisha dole gumba, akainusa, akaiweka mapajani. Kwa jirani haikwenda. Alimtazama Mwatum macho makavu, na Mwatum akajua kuwa mwenziwe anajua, tena zamani. Nani afukue makumbi ya mtu mwengine shimoni mwake asiyatambue?

Kalamu ya Dokta ilikuwa imeshaandika.

"Ngoja," alisema Bi Mwatum. "Kusokota nimesokota mie, na msokotaji kama mie nitafutieni Micheweni nzima. Lakini ulaini huo ni wa makumbi, na makumbi ni ya Rahma binti Jabir. Nilikosea shimo. Nilipojua, nikanyamaza kwa ajili ya siasa. Futa Mwatum, mwanangu. Andika Rahma. Mwalimu ni wa pwani yetu vile vile."

Dokta alifuta. Bi Mwatum hakuinamisha kichwa. Alisimama wima kama bwana harusi aliyevikwa joho. Kisha akageukia upande wa pili.

"Rahma, niwie radhi."

 Rahma alikuwa akiizungusha ncha ya kamba kidoleni, anaifungua, anaizungusha tena. Upande wake wote walitazama sakafu.

"Basi njoo hapa mbele uwaeleze weye, mwenzangu," alisema Bi Mwatum, akamnyooshea mkono. "Njoo."