Matawi ya Mama Gidahosh

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga kabla ya kupambazuka. Saumu, mwenye duka wa Katesh aliyenipa mahali pa kulala, alikuwa ameamka kunichemshia chai nisisafiri na njaa. Nilikuwa natoka Tlawi, huko Mbulu, kwenda kumwona mjukuu wangu wa kwanza. Binti yangu Tekla aliolewa na Gidahosh, dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali, na alikuwa amejifungua wiki mbili nyuma.

Lori la ngano likanishusha karibu na boma lao. Kwetu Tlawi, mbele ya nyumba tunapanda maua kwenye sufuria zilizotoboka na mawe tunayapaka chokaa. Pale nilikuta pembe za ng'ombe juu ya nguzo, na sahani kuukuu ya plau ya trekta imepakwa rangi nyekundu, inaning'inia kama jua. Nikacheka peke yangu. Kisha nikaona matawi mabichi yamelazwa katikati ya lango, kicheko kikaniishia. Kwetu tawi bichi likilazwa njiani, nyumba ina mwiko mzito na mgeni haingii. Nikamwaza mtoto. Nikaketi kando ya barabara na kibuyu changu cha asali.

Niliketi mpaka jua likawa kali. Mama Gidahosh, mkwe mwenzangu, alichungulia mara tatu akarudi ndani. Mwishowe akaja na maziwa, akanipa kwa mikono miwili.

"Mama Tekla, kama pembe zinakuudhi, nitazitoa."

"Pembe zako nzuri. Mtoto mzima?"

Akashangaa. Mtoto alikuwa ananyonya. Nikamwonyesha matawi, nikamwambia maana yake kwetu. Kumbe yeye alisikia kwamba watu wa Mbulu hupenda majani mabichi mbele ya nyumba. Maua hana, basi alfajiri akaenda hadi bondeni kukata matawi anipambie lango. Tekla alipotoka na kuyaona, akacheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akayasogeza pembeni ili mimi mama yake nipite.

Nilikaa siku nne. Mjukuu ni mnene, ananukia siagi. Siku ya kuondoka, Mama Gidahosh alinibebea mzigo mpaka barabarani, akanishika mkono hata lori liliposimama.

"Urudi kabla ya mavuno, mwenzangu," alisema. "Mtoto hajakuzoea bado, lakini mimi nimeshakuzoea."