Kipimo cha Kiberiti

Makokha alikuwa amepiga dari za Kitengela kwa miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akisema "sijui". Ukimuuliza swali, jibu lilikuwa tayari, hata kama alilitunga akishuka ngazi.

Ndivyo ilivyokuwa walipobomoa nyumba moja kuukuu Kajiado mjini. Darini walikuta vibao vya kijivu vilivyowekwa zamani kuzuia joto. Mwenye nyumba akauliza ni vitu gani hivyo. Makokha alivunja kipande, akakiwashia kiberiti, nacho hakikushika moto. "Hii ni mali safi," akasema, kisha akaomba apewe vilivyo vizima.

Alivipeleka kwa jirani yake Khadijo, ambaye nyumba yake ya mabati ilichemka mchana kama sufuria. Hakumtoza chochote. Mke wa Makokha alipolazwa, Khadijo ndiye aliyewapikia watoto wiki tatu. Makokha alivikata kwa msumeno mle mle chumbani, akavipiga darini; vumbi likawafunika wote wawili, wakachekana, wakafagia.

Baadaye yule mwenye nyumba wa Kajiado akaleta mpimaji, Resian, msichana wa umri wa bintiye Makokha. Alivaa barakoa, akalowesha kipande kwa maji ya sabuni, akakata kidogo kama ukucha na kukifunga ndani ya mifuko miwili.

"Mzee, hii haijulikani kwa macho," alisema. "Lazima iende maabara. Na kama ni asbesto, kutoshika moto ndiyo tabia yake. Vile vingine viko wapi?"

"Tulitupa," Makokha akajibu upesi.

Jumatatu majibu yakaja: ni asbesto, ambayo vumbi lake hukaa mapafuni na huweza kuua mtu miaka mingi baadaye. Mficha uchi hazai, Makokha alilijua hilo vizuri, lakini kwa siku nne alipita mlangoni kwa Khadijo akitazama viatu vyake. Alijichukia kwa kila hatua.

Ijumaa alasiri aliingia. Khadijo akamletea chai ya maziwa yenye iliki. Mjukuu wake, Khalif, alikuwa amelala chumbani.

"Mama Abdille," Makokha alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "ile dari nataka kuitoa. Nikuwekee ingine ya kisasa."

"Ya nini, fundi? Saa hii niko na baridi safi. Hata vile vibao vilibaki nilipeleka duksi, ile madrasa yetu, watoto wasome Kurani bila kuchomeka. Niliwaambia ni sadaka ya Makokha. Wanakuombea kila siku."

Makokha alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni sumu," akasema. "Vumbi yake ni sumu. Nimejua tangu Jumatatu."

Khadijo aliingia chumbani, akatoka amembeba mtoto usingizini, amemfunika uso kwa mtandio, akampita Makokha hadi nje. Hapo ndipo alipogeuka.

"Weka hiyo chai chini, twende duksi," alisema. "Utawaambia wewe mwenyewe. Jina yako wanaijua."