Makopo Matatu ya Supu ya Dengu

Roswitha alikuwa bahili, na aliyemwambia hivyo alijibiwa kwa kicheko. Maji ya kuoshea saladi aliyamwagilia maua. Hita ya chumbani haikuwashwa hata theluji ikianguka wiki nzima. Blanketi zipo za nini, aliuliza. Na kopo la aiskrimu likiisha halikutupwa. Alilisafisha, akalijaza supu ya dengu, akaandika mwezi na mwaka kwa kalamu nene, kisha akalishusha stoo, chini ya jengo lao pale Zwickau, kwenye friza kuukuu. Haba na haba hujaza kibaba, na friza lilijaa kweli.

Alipofariki, miaka minne iliyopita, aliacha makopo saba. Mumewe Lothar, fundi mstaafu wa reli, hakuyagusa mpaka ilipofika Machi, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao. Siku hiyo alipasha kopo moja, akaketi mezani peke yake, akala polepole sana, na kwa muda wa sahani moja mkewe alikuwa yupo. Tangu hapo ikawa desturi: kila Machi, kopo moja. Yakabaki matatu. Lothar alikuwa na miaka themanini na mbili na moyo usioaminika. Alipiga hesabu akaona yatamtosha.

Februari hii aliteleza kwenye barafu, akaumia nyonga, akalazwa wiki mbili. Binti yake wa pekee, Annegret, akaja kutoka Leipzig kumwangalizia nyumba. Siku Lothar aliporudi na magongo yake, alikuta sakafu inang'aa na chai iko tayari.

"Baba, bili yako ya umeme nimeiona. Hivi unawasha taa za uwanja wa mpira?"

"Taa gani? Mimi nakaa gizani kama popo."

"Basi ni lile zee la stoo! Linakula umeme kuliko nyumba nzima, eti kwa ajili ya makopo matatu. Nimechomoa plagi. Mama angekuwepo angelichomoa zamani, na mimi angenisema kwa kuchelewa."

Lothar aliweka kikombe chini. "Na vilivyokuwemo?"

"Ile supu? Ya miaka minne, Baba! Unataka kurudi hospitali? Nimeimwaga. Ila makopo sijatupa, mimi mtoto wa nani? Yale pale. Hata wino nimeusugua kwa spiriti, umetoka wote."

Yalikuwa rafuni, yamepangwa moja ndani ya jingine, meupe, hayana hata herufi moja. Lothar alijikokota akachukua la juu, akalisogeza puani. Lilinuka sabuni. Alitaka kunyamaza. Maji yakimwagika hayazoleki, na binti yake alikuwa ametenda wema. Lakini kopo lilimponyoka, na machozi yakamtoka mbele ya mwanawe kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi.

"Nyonga inauma? Kaa, Baba, kaa."

"Ilikuwa ya mama yako," alisema. "Ya mwisho. Nilikuwa nakula moja kila Machi."

Annegret alimtazama, akayatazama makopo. Alijua mwandiko ule. Alikuwa ameusugua kwa haraka, mawazo yakiwa kwenye bili. Akaketi palepale sakafuni, mwanamke wa miaka hamsini na tatu, akaziba uso kwa kitambaa cha vyombo. Lothar hakuweza kuinama kumshika, magongo hayakumruhusu, akabaki amesimama kando yake.

"Nisamehe, Baba."

"Hukujua."

"Sikujua, kweli." Alipangusa pua. "Lakini mbona hukuniita? Miaka minne, Machi nne. Leipzig si mwisho wa dunia. Mimi sijaonja mkono wa mama tangu afe. Ningekuja nikala vijiko viwili tu."

Siku zile zote, akiwa na kijiko mkononi, Lothar hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba kuna mtu mwingine mwenye njaa ile ile.

"Niliogopa yataisha mapema, mwanangu," alisema.