Bastola ya Chini ya Kiti

Salvator alikwenda kuchagua bastola akiwa na mtu yule yule aliyemfanya aitake. Usimcheke. Alikuwa na hesabu zake: mtu unayemshuku, heri akae mbele ya macho yako kuliko nyuma ya mgongo wako. Ndiyo maana Anicet, kaka wa mke wake, alisimama naye bega kwa bega mbele ya kabati la kioo, katika duka moja lenye nondo madirishani katikati ya jiji la Durban. Ukutani vuvuzela ya Kombe la Dunia ilikuwa bado inaning'inia, miaka mitatu baada ya wageni kurudi makwao.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyeitwa Pillay, alipanga bastola tatu juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyeusi, na bei yake ilimfanya Salvator aitazame ya pili. Ya pili ilikuwa ndogo mno, hata kiganja chake kiliimeza. Ya tatu ilikuwa rivolva kuukuu yenye mpini wa mbao uliolainishwa na mikono ya watu wengine.

"Two thousand two," alisema Pillay, yaani randi elfu mbili na mia mbili. "Kuukuu, lakini haijawahi kugoma."

Anicet akaiokota kabla ya Salvator. Aliipima uzito, akaielekeza sakafuni, akafungua silinda akachungulia vitundu vyake. Alifanya yote hayo taratibu, kama mtu anayekagua embe sokoni.

"Iko mzito, shemeji," alisema. "Kuiacha tu ni vizuri. Kama watu wanataka kuchukua, wachukue, tutatafuta ingine."

Moyoni Salvator alikuwa tayari na maswali mawili. Mikono ile ilijifunza wapi kushika bastola? Na mtu asiye na la kuficha, atamkataza vipi mwenzake kujilinda? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akaichagua ile kuukuu papo hapo, ili tu ionekane kwamba hakupokea ushauri.

"Utaiweka wapi?" aliuliza Pillay.

"Ndani ya gari. Chini ya kiti."

Pillay alivua miwani. "Ukishuka, unashuka nayo. Sheria ndiyo hiyo, na akili pia ndiyo hiyo. Bastola inayolala chini ya kiti ni mali ya mtu wa kwanza atakayejua kwamba iko pale."

Salvator aliona mzee anapenda kuhubiri. Akalipa. Silaha ingebaki kwenye sefu ya duka mpaka amalize kozi na polisi wampe kibali. Polisi nao, alieleza Pillay, watawapigia simu watu wanaomjua: mke wake, na mtu anayemwona kazini kila siku.

Kazini kila siku alimwona mtu mmoja tu. Salvator akataja jina la Anicet huku ulimi ukimwuma.

*

Sasa nikwambie kilichomfikisha pale. Salvator, Mrundi wa Bujumbura, alikuwa na bakkie, lile gari dogo lenye bodi wazi nyuma. Alichukua magodoro kwenye maghala ya Mobeni, akayapeleka kwenye maduka madogo ya Queensburgh, na Ijumaa alizunguka kukusanya pesa ya mauzo. Anicet alipakia, akapakua, akakaa naye mbele.

Mara ya kwanza waliibiwa kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu. Vijana wawili walitokea. Mmoja alimwonyesha Salvator bastola dirishani, mwingine akapanda nyuma. Hakupekua. Alikwenda moja kwa moja kwenye godoro la chini kabisa, akachana kona, akatoa mkoba wa bluu ulioshonwa na mke wake Salvator, Gloriose. Mara ya pili Salvator alikuwa ameuficha mkoba mpya ndani ya gurudumu la akiba. Wakaenda kwenye gurudumu la akiba. Anicet alijaribu kuwazuia, akapigwa kitako cha bastola, likamtoka jino la mbele.

Mwizi asiyepekua ameelekezwa. Hilo hata mtoto angelijua. Na habari za mkoba zilijulikana na watu watatu: Salvator, Gloriose aliyeushona, na Anicet aliyepakia. Yeye mwenyewe hakujiibia. Mke wake alikuwa mama wa Estella, binti yao, na alikula kwenye pesa hiyo hiyo. Akabaki nani?

Lakini jino? Salvator alilifikiria jino, akaona kwamba kwa mtu mjanja jino moja ni bei ndogo. Shaka ikishaingia, hata damu ya mwenzako unaiona rangi.

Kuanzia hapo akawa mtu mgumu kukaa naye. Siku moja Anicet alimnunulia soda, akamletea ikiwa imefunguliwa.

"Onja kwanza," Salvator alimwambia.

Kwao Burundi anayetoa kinywaji huonja yeye mwenyewe kwanza, ili mwenzake anywe kwa amani. Huonja bila kuambiwa. Kuambiwa ni kuitwa mchawi mchana kweupe. Anicet alimtazama, akanywa funda moja, akampa chupa. Kutwa nzima hakusema tena, na Salvator akauhesabu ukimya huo kuwa ushahidi.

Nyumbani, kwenye fleti yao ya Berea, Gloriose aliona yote. Alikuwa msusi, mtu aliyezoea kusikia mambo ya watu huku mikono ikifanya kazi.

"Baba Estella, huyu ni kaka yangu. Tumetoka naye Bujumbura kwa miguu."

"Mama Estella, mimi sijasema kitu."

"Mais ndiyo vile," alisema Gloriose, ile "lakini" yake kwa Kifaransa. "Ungesema, ningekujibu."

Usiku ule Salvator alilala akiwaza wazi kabisa, bila haya: nikipata uhakika kwamba ni yeye, nitampiga risasi. Wazo hilo halikumtisha. Kilichomkera ni kwamba polisi wanachelewa na kibali.

*

Akatega mtego. Alimwambia Anicet kwamba Ijumaa wangekwenda Pinetown. Alimwambia Gloriose kwamba wangekwenda Umlazi. Ukweli, kwamba ni Queensburgh na kwamba safari hii pesa itakaa ndani ya chupa ya chai, hakumwambia mtu yeyote. Alimwambia Mungu peke yake.

Kila Jumatano jioni alikwenda kwenye maombi. Kanisa lao lilikuwa chumba cha ghorofani, mtaa wa chini Berea inapoteremkia mjini, juu ya mahali pa kuosha magari. Gloriose alifunga saluni kwa kuchelewa, akasali Jumapili tu. Anicet alikuwa Mkatoliki, hakupanda ngazi zile hata siku moja. Pale juu watu walisimama mmoja mmoja kutaja haja zao, na hawakuruhusiwa kutaja nusu nusu. Mchungaji alikuwa mkali juu ya hilo. "Taja!" alipaza sauti. "Mwambie Bwana ni wapi, ni lini! Ukimwendea daktari unamwambia unaumwa tu, bila kusema wapi?"

Basi Salvator alitaja. Alishika kipaza sauti, akafumba macho, akamwomba Bwana amfunike Ijumaa saa nane pale Queensburgh, nyuma ya duka la rangi, na awapofushe wezi wasiione chupa ya chai nyekundu iliyo miguuni pake. Kando yake dada Lyse alitafsiri kila sentensi kwa Kiingereza, kwa ajili ya wenyeji waliokuwa wameanza kuja. Spika zilikuwa mbili: moja ilitazama ndani kwa ajili ya waliookoka, ya pili ilifungwa dirishani, ikatazama mtaani kwa ajili ya wenye dhambi. Salvator aliteremka ngazi akiwa mwepesi, amani imemjaa, kama mtu aliyeacha mzigo kwa mwenyewe.

Ijumaa Anicet alishangaa walipokata kona. "Shemeji, si ulisema Pinetown?"

"Nimebadilisha," alijibu Salvator, akiviangalia vidole vya Anicet. Simu ya Anicet ilikaa juu ya dashibodi mbele yao wote wawili, na mwenyewe hakuigusa.

Nyuma ya duka la rangi walikuwa wanangojewa. Vijana wale wale. Mmoja alifungua mlango wa dereva kwa upole wa mtumishi wa hoteli, akainama, akapitisha mkono katikati ya miguu ya Salvator, akatoka na chupa nyekundu.

"Sharp, my brother," alisema. "Leo tunakunywa chai." Wakaondoka bila hata kukimbia.

Salvator alimgeukia Anicet. Kijasho kilikuwa kinamtoka Anicet puani, na mkono wake ulikuwa umefunika mdomo, pale jino lilipokuwa.

"Ndani ya chai?" alisema Anicet. "Ulitia pesa ndani ya chupa ya chai? Eish, shemeji. Hata mimi sikujua."

Na kweli hakujua. Gloriose hakujua. Hakuna binadamu aliyejua. Kwa kitambo kidogo, nami naogopa hata kulisimulia, Salvator alimshuku Mungu.

*

Jumatano iliyofuata hakwenda kwenye maombi. Hakuwa na hamu. Walitoka Mobeni wakiwa wamechoka, bakkie imejaa vumbi, na Salvator akasimamisha gari mtaa ule wa chini, ng'ambo ya kanisa, Anicet akavuka kununua soda dukani. Aliporudi walikaa garini, madirisha yamefunguliwa kwa sababu ya joto.

Ndipo sauti ya Lyse ikawajia kutoka juu, kubwa, safi, kwa Kiingereza kilichonyooka. Dada Immaculée anasafiri leo na basi la usiku kwenda Johannesburg kununua nguo. Pesa ameifunga tumboni kwa kitenge. Bwana amlinde.

Chini ya dirisha vijana wa kuosha magari walikuwa wameacha kazi. Mmoja alikuwa amefunga bomba la maji ili asikie vizuri. Salvator alimtazama. Aliijua shingo ile. Ilikuwa imeinama katikati ya miguu yake siku tano zilizopita.

Tena aliikumbuka sauti yake mwenyewe. Godoro la chini kabisa. Gurudumu la akiba. Chupa nyekundu, saa nane, nyuma ya duka la rangi. Wiki baada ya wiki alikuwa amesimama pale juu, macho amefumba, akiwaelekeza wezi wake kwa lugha mbili.

Alikuwa bado hajapata pumzi alipoisikia sauti nyingine, kwa Kiswahili, na hiyo hakuhitaji kuitafakari. Gloriose. Alikuwa amefunga saluni mapema.

"Bwana, mume wangu amenunua bastola," alisema Gloriose, na spika ikaurushia mtaa mzima. "Anangoja kibali tu. Anasema ataiweka ndani ya gari, chini ya kiti. Mais Bwana, si ya wezi. Ni ya kaka yangu Anicet. Anamwona kaka yangu ni mwizi. Kila asubuhi wanapanda gari moja, na mimi nakaa kungoja ni nani atarudi. Usimpe, Bwana. Umnyime."

Lyse, binti makini asiyeruka neno, akaigeuza yote. Bastola. Gari. Chini ya kiti. Yule kijana wa bomba akamgusa mwenzake begani, wakacheka.

Ndani ya bakkie hakuna aliyecheka. Salvator hakuthubutu kugeuza uso.

"Polisi walinipigia," alisema Anicet. "Jana. Waliniuliza kama wewe ni mtu wa kupewa bastola."

"Ukawaambia nini?"

"Nikasema oui, wampe. Nikasema mimi ndiye nakaa pembeni yake kila siku, na siogopi."

Salvator alitamani atukanwe. Tusi angeweza kulibeba. Aliona haya, haya ya kuchoma, na mikono yake, isiyojua la kufanya, ikaiokota ile chupa ya soda. Akaifungua. Akanywa funda moja, yeye kwanza, kama inavyotakiwa, akampa Anicet kwa mikono miwili.

Anicet aliipokea. Aliishika tu.

"Panda kwanza ukazime ile spika," alisema. "Umwonye Immaculée, anasafiri leo."

Salvator alivuka barabara akikimbia, akapanda ngazi mbili mbili, akawapita watu waliofumba macho mpaka dirishani, akaung'oa waya kwa nguvu. Mtaani kukawa kimya. Mchungaji alifumbua macho kwa hasira, Gloriose akageuka na kipaza sauti mkononi, na Salvator akasimama mbele yao na waya umening'inia, akijaribu kueleza. Gloriose peke yake hakungoja maelezo.

"Yuko wapi?" aliuliza. "Anicet yuko wapi?"

"Yuko chini. Ndani ya gari. Amesikia."

Walishuka pamoja. Mlango wa abiria ulikuwa wazi, na Anicet hakuwamo. Juu ya kiti ilikuwepo chupa ya soda, imejaa, imepungua funda moja tu, lile la Salvator.