Kitambaa cha Kona

Mahmudu, fundi cherehani wa Gitega, Burundi, ni mkaidi, na ukaidi wake ulimfikisha mahali ambapo mvuvi hawezi kuvua samaki aliowatunza mwenyewe. Mvuvi tunamwita kwa heshima tu, maana hajawahi kuuza samaki hata mmoja. Kila Jumapili alikuwa akienda na wenzake watatu bondeni, chini ya vilima vya Makebuko, fimbo za kuvulia zimefungwa kwenye baiskeli, kwa sababu walipenda kukaa kando ya maji na kutaniana.

Walikuwa na sehemu yao pale mto unapopinda na maji kutulia. Waliiita Kona. Perege wa Kona hulea mayai mdomoni, na ukimvua mama wakati huo anayatema yote. Unabaki na samaki mmoja mkononi, na ukoo mzima umekwenda na maji. Kwa hiyo kila mwaka mvua za kwanza zilipoanza, Mahmudu alifunga kipande cha kitenge kwenye matete, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kuvua. Watoto wa samaki wakishakua, kitambaa kinafunguliwa. Mwanzoni mmoja wao, Nazario, alikuwa anawahi alfajiri, anafungua mwenyewe na kujivulia kabla wenzake hawajafika. Wakamkemea, wakaweka sheria: anayefungua kitambaa hatupi ndoano kwanza. Atatupa mwingine, yeye akae mikono magotini mpaka mwenzake apate samaki.

Sheria nzuri, ila inahitaji watu wawili. Mwenzao Sudi alifariki. Nazario alihamia Bujumbura, uvuvi akauacha. Akabaki Josephat, mkulima aliyekulia Tanzania, mcheshi wa kumfanya Mahmudu acheke hadi samaki wakimbie. Kisha Josephat naye akarudishiwa shamba la baba yake kule Gashoho, Muyinga, akahama na mkewe Kasilda. Wakati anaondoka, Kona ilikuwa imefungwa. Ikabaki imefungwa.

Si angefungua tu? Kila mtu mtaani alimwambia hivyo, hata wateja waliokuja kupunguziwa suruali. Mahmudu aliendelea kukanyaga cherehani. Jumapili alishuka bondeni peke yake. Kitambaa kikichakaa, alifunga kipya. Kisha alikaa akiwatazama perege wakipiga mikia, wakubwa kuliko wote aliowahi kuwaona, fimbo yake imelala kwenye nyasi. Alikuwa mpweke, na alijijua kuwa ni mpweke. Samaki hawakuwa shida yake. Alitaka mtu wa kutupa ndoano kwanza.

Hatimaye aliamua kumfuata Josephat. Mafuta ya gari yalikuwa adimu, akashinda kituoni akingoja, akafika Gashoho amechoka na suti yake ya harusi imejaa vumbi.

"Mzee Mahmudu! Umepotea sana, ndugu yangu!" Josephat alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka.

"Mi nimekuja kukuchukua," alisema Mahmudu. "Dimanche, Jumapili hii, tufungue Kona. Samaki iko mukubwa sana, bwana. We ndiyo utatupa wa kwanza."

Josephat alicheka, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. Huko alikuwa amechimba bwawa la kufugia samaki, la mraba, kingo zimechongwa kwa jembe, hakuna tete hata moja. Alimwaga pumba, maji yakachemka samaki. Akazamisha wavu, akainua kitoweo cha jioni bila hata kuvua viatu.

"Unaona? Sikai tena juani kungoja samaki aamue. Mambo ya ndoano niliacha."

"Na Kona?"

"Kona?" Josephat ilibidi afikiri kidogo. "Bado unaifunga? Wewe nawe! Fungua mwenyewe, tupa mwenyewe. Nani atakuona?"

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililouma. Ile sheria ambayo Mahmudu aliishika kama ahadi, mwenzake aliiacha Gitega pamoja na masufuria mabovu. Kasilda alikaanga wale samaki. Walikuwa wanono, laini, hawana ladha ya mto. Mahmudu alikula kwa adabu, akashukuru, na kesho yake akaaga.

Jumapili alishuka bondeni na hasira zake. Sawa, nani atamwona? Alitia funza kwenye ndoano, akaingia kwenye matete, akashika fundo.

"Baba! Usikiguse hicho!"

Ng'ambo ya mto alisimama mwanamke aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe. Alijitambulisha kuwa ni Jeska, kwamba yeye na familia yake wamerudi kutoka Tanzania, na shamba lao liko pale juu.

"Juu ya nini nisiguse?"

"Kuna mtu alifia hapo, baba, ndiyo maana kimefungwa. Sisi hatufui hapo, hatukati matete, hata wenye nyavu hawashuki. Kitambaa kikichakaa tunakuta kingine kipya, basi tunajua ndugu zake wamekuja."

Mahmudu aligeuka kutazama. Juu na chini ya Kona kingo zilikuwa tupu, kabichi zimelimwa hadi majini, povu la sabuni linaelea. Ni pale tu kwenye kitambaa matete yalipokuwa yamesimama. Miaka yote alidhani ni kazi ya wavuvi wanne wenye busara. Kumbe ni woga wa kina Jeska.

Na Jeska mwenyewe, si ndiye mtu wa pili aliyemtafuta hadi Muyinga? Angemweleza kuwa ni kitambaa cha wavuvi tu, angempa fimbo, atupe kwanza. Wangecheka. Na jioni bonde zima lingejua kwamba hapa hakuna marehemu, na wenye nyavu wangeshuka kabla ya Jumapili nyingine.

"Alikuwa nani wako?" Jeska aliuliza taratibu.

Mahmudu aliliachia fundo.

"Ilikuwa rafiki yangu," alisema. "Tulikuwa tunakuya naye hapa kila dimanche."

"Pole sana, baba. Alikuwa anaitwa nani?"

"Josephat."

Jeska aliweka mundu chini, akafumba macho, akamwombea Josephat apumzike kwa amani, kwa sauti, akimtaja jina. Mahmudu alivua kofia, akaitikia amina. Kisha akalikaza fundo, akamtoa funza kwenye ndoano, akasukuma baiskeli kupanda mlima.